Jiwe la Angani Katika Karakana ya Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinifunga macho kwa leso, akanipa kitu mkononi na kuniuliza ni nini. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kilikuwa mfano wa ini la binadamu, nami nikasema ni kiatu. Alicheka sana, kisha akanieleza kazi yenyewe. Tulikuwa tukiwatengenezea wanafunzi wasioona mifano ya vitu wasivyoweza kuvishika, na hakuna mfano uliotoka pale kabla ya kukaguliwa kwa vidole, macho yakiwa yamefungwa.

Hiyo ilikuwa Likoni, katikati ya miaka ya themanini. Nilifinyanga milima, meno na mioyo kwa jasi, yaani ule unga mweupe unaogeuka jiwe ukichanganywa na maji. Miaka ilivyokwenda nikajiona nimeshayamaliza maumbo yote.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwalimu wa Jiografia akaja na ukurasa wa jarida aliosomewa na mkewe. Yeye mwenyewe alikuwa haoni tangu surua ilipompofusha ujanani. Chombo cha angani kilikuwa kimepiga picha asteroidi, mmojawapo wa miamba inayolizunguka jua, midogo mno kuweza kujivuta ikawa mviringo kama dunia. Aliutaka mwamba ule mkononi.

"Bi Zuhura," akaniambia, "mkikosea nyinyi, mimi nitafundisha kosa, na darasani mwangu hakuna wa kuitazama picha akanisahihisha."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mwamba wenyewe ulikuwa wa ajabu, mrefu, umebonyea ubavuni kama kipande cha tangawizi. Juu yake palikuwa na miduara iliyotutia ubishi. Mkuu aliona vivimbe, mimi naona mashimo. Nikiigeuza picha, nami naona vivimbe. Tulibishana hadi Mwalimu akauliza jua limetokea upande gani.

Kushoto, nikamjibu, maana upande wa kulia mwamba ulizama gizani. Basi, akasema, kivimbe hung'aa upande unaolielekea jua, na shimo hung'aa ukuta wa ng'ambo. Tukatazama tena. Kila mduara uling'aa upande wa kulia. Yalikuwa mashimo, makovu ya mawe yaliyougonga mwamba ule. Mkuu, aliyekwisha kubandika vivimbe vyake, akavibandua kwa patasi huku akinung'unika kwamba sasa sitasemezeka. Kweli sikusemezeka.

Nikayachimba mashimo, nikachora na mitaro myembamba iliyopita kati yake. Ukabaki mgongo, na picha ilionyesha upande mmoja tu. Mkuu akataka nitoboe mashimo ya kukisia, kwani kwake mfano usio na mgongo haukupata kutoka. Nilimheshimu sana, lakini nilikataa. Niliiogopa zaidi mikono ambayo ingeniamini. Nikaubandika mgongo kipande cha gunia.

Mwalimu aliupapasa mwamba taratibu, akitabasamu kwenye kila shimo, mpaka vidole vikafika kwenye gunia vikasimama.

"Hapa pana nini?"

"Hatujui, Mwalimu. Picha haikufika huko."

Akalipapasa gunia tena, nami nikadhani nimemvunja moyo.

"Kumbe upande huu," akasema, "hata nyinyi hamuoni."

Nimestaafu sasa, niko Mtongwe, na vidole vimekakamaa. Mifano mingi nimeisahau. Ule mwamba siusahau, kwa sababu Mwalimu alipoupeleka darasani, somo alilianzia kwenye gunia.