Nthenya na Mstari wa Mawe

Huruma ya wanamwethya wenzake, kikundi cha kazi za pamoja cha Mwala, ilimchosha Nthenya kuliko upasuaji wenyewe. Madaktari walikuwa wamemtoa uvimbe kwenye neva ya sikio la kushoto. Sikio likafa, na mwili ukasahau kusimama: akigeuza kichwa tu, dunia inazunguka. Basi kikundi, kilichokuwa kikijenga bwawa la mchanga, ukuta wa mawe wa kuzuia mchanga na maji mtoni, kikamwekea kiti kivulini na kumpa kazi ya kulinda sufuria ya githeri. Wakajiona wema kupindukia.

Mwenyekiti Mutuku, ambaye hajagusa jiwe tangu achaguliwe, hakuchoka kumpitia. “Mama Rodgers, wewe kaa tu. Uko na ruhusa.”

Ruhusa ya nini? Miaka kumi na mitatu alikuwa amesimama kwenye mstari wa kupokezana mawe, na alijua wakizoea kumwona amekaa, nafasi yake ndiyo imekwenda.

Lakini tuseme kweli, naye hakuwa malaika. Linet, mtaalamu wa mazoezi hospitalini Machakos, alimfundisha kutembea huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, kila siku. Kila Jumatatu Nthenya alimdanganya kwamba amefanya. Wiki ya sita akaambiwa aonyeshe. Hatua ya tatu akakumbatia ukuta.

“Mwaitu, mama yangu, hujafanya hata siku moja,” Linet alisema. “Hicho kizunguzungu unakimbia ndicho kitafundisha ubongo. Ukikaa, utakaa milele.”

Aibu ilimwingia. Njia nzima alijitukana: mwoga mkubwa, anayewadharau watu kwa kumpa kiti ambacho yeye mwenyewe amekipenda.

Alhamisi alishuka mtoni, akajipenyeza katikati ya mstari. Kupokea jiwe kulia, kulitoa kushoto: mazoezi yale yale ya Linet, ila haya yana uzito. Jiwe la nne lilimpigisha magoti. Akatapika mchangani mbele ya wote, nao wakaja mbio, Mutuku mbele.

“Si nilikuambia? Kaa, Mama Rodgers.”

Nthenya alipangusa mdomo kwa leso. “Nitaanguka hata mara kumi, Mutuku. Mimi ninaanguka nikifanya kazi. Wewe je?”

Akainuka mwenyewe, polepole, akapanua miguu, akamnyooshea mikono mitupu mama wa kulia kwake. Yule mama alimtazama mwenyekiti kwanza. Kisha akainama, akampa jiwe, na hakumchagulia dogo.