Mtoto Aliyekimbia Ubani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kijiji chetu kizima kilijua kwamba nakimbia ubani. Ni kijiji kidogo, kiko juu huko Uluguru ambako watu hulima kabichi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa tahadhari, lakini kwa kusambaza habari za namna hiyo kilitosha. Mara ya kwanza ilikuwa Krismasi. Padri alipozungusha chetezo, moshi ulinifikia benchi la tatu, kichwa kikaanza kugonga, koo likabana, nikapiga chafya nane na kutoka mbio. Pasaka nikarudia. Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni nilitoka kwa kuruka miguu ya wanakwaya.

Leo ningesema pua yangu haipatani na harufu kali, na watu wangenielewa, au wangejifanya wamenielewa. Wakati ule maelezo yalikuwa ya aina moja tu: anayekimbia ubani ni shetani. Katekista wetu, Mzee Gaspari, mtu mwema aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa nyoka, alikuja nyumbani kwa Bibi mzaa mama, niliyekuwa nikiishi naye.

"Komunyo ya Kwanza imebaki wiki tatu," alisema. "Mtoto huyu amri kumi anazijua, sala zote anazijua. Lakini siwezi kumpeleka altareni kabla hatujajua anayekimbia ni yeye au ni mwingine."

Gauni langu jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa. Lilitundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, nami nililitazama kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Bibi hakulia. Alitafuta wa kumlaumu, akampata mjini. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa Morogoro mjini, mama Mkatoliki wa milimani, na kwa kuwa kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, nilibatizwa bila ubishi mwingi.

"Hilo ni jini la kwa baba yako," Bibi alisema, akampigia simu dada yake baba, Shangazi Mwanahawa wa Kilakala, aje achukue kilicho chake.

Shangazi alikuja Jumamosi. Manukato yake yalitangulia. Yeye alikuwa bado anapanda kilima, mimi nimeshapiga chafya na kutokea mlango wa jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeona? Hata wewe amekukimbia."

Shangazi aliketi, akafikiri. Hakuwa mtu wa kuropoka. "Mama, majini ya kwetu yanapenda udi. Ukiuchoma yanakuja, hayaondoki. Hili linalokimbia harufu nzuri haliwezi kuwa la kwetu. Hili ni la huku huku mlimani."

"Huku mlimani tumebatizwa wote."

"Hata majini?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akimrudishia mwenzake jini kama sahani ya jirani. Mwishowe wakakubaliana waliulize lenyewe. Nilikalishwa kwenye kigoda, nikafunikwa blanketi gubigubi, na mbele ya miguu yangu kikawekwa kigae cha makaa. Upande mmoja ulikuwa ubani wa Bibi, upande wa pili udi wa Shangazi, ili jini likose kisingizio. Yaani mtoto anaumizwa na harufu moja, wanamtibu kwa harufu mbili.

"Sema jina lako!" Shangazi aliamuru.

"Felista!" nilijibu huku nakohoa.

"Linajifanya Felista," Bibi akanong'ona.

"Unatoka wapi?"

"Darasa la tatu B!"

"Mama," Shangazi akasema, "hili limesoma."

Hapo nikasikia chafya ambayo haikuwa yangu. Ikafuata ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Nilichungulia kwenye pindo la blanketi. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, kamasi zinamchuruzika. Kisha alitimua mbio, bibi wa miaka sabini, mpaka kwenye migomba. Shangazi alibaki ameduwaa na mfuniko wa sufuria aliokuwa akipepelea makaa.

Tulimfuata. "Mama, kumbe na wewe unalo?" Shangazi aliuliza.

"Sina jini lolote mimi," alisema Bibi, akijifuta kwa kanga. "Ni pua. Tangu nikiwa mdogo kuliko huyu mke mwenzangu."

Hapo ndipo aliposimulia. Mama yake alimfukiza miezi miwili, na kilichotoka ni chafya tu. Basi akajifunza kujificha. Chetezo kikija, aliinama, akajifunika kanga usoni na kubana pumzi huku machozi yakimtiririka. Watu wakayaona machozi hayo, wakayapenda. Akina mama wa kanisani walimchagua aongoze sala za wagonjwa kwa sababu hiyo, na padri mmoja aliwahi kuyataja kwenye mahubiri. Bibi hakumsahihisha mtu.

"Sasa mbona ulinifukiza?" nilimuuliza, na nilikuwa na hasira kweli.

"Yangu nilijua ni pua," alisema. "Yako ningejuaje?"

Jumapili baada ya misa alinishika mkono, tukasimama nje ya kanisa mbele ya Mzee Gaspari, na akina mama wote wapo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Mama."

"Katekista, machozi yangu mnayoyasifu si ya sala. Ni ya ubani. Mimi naukimbia kama mtoto huyu, ila mimi nakimbilia ndani ya kanga. Kama yeye ana shetani, basi shetani amewaongozea sala miaka thelathini."

Mama mmoja aliangua kicheko, wengine hawakucheka. "Mtoto atakaa mwisho wa benchi," alisema Mzee Gaspari, "karibu na mlango wa pembeni."

Nikapokea Komunyo. Chetezo kilipoletwa nilitoka taratibu na gauni langu jeupe, nikavuta hewa, nikarudi, na hakuna aliyenitolea macho. Ila mwezi uliofuata akina mama walichagua mtu mwingine wa kuongoza sala za wagonjwa. Kisimani wakamwita Mama Ubani. Bibi alicheka nao. Nyumbani aliketi kwenye kigoda mpaka giza likaingia, taa hakuiwasha.

Sasa nafanya kazi mjini, chumba kimoja na dada anayejipulizia manukato asubuhi, mchana, na kabla ya kila kikao. Nikitokwa machozi nasema nina mafua. Huu ni mwaka wa tatu nina mafua. Kila siku napanga kumwambia, kisha naogopa ataniona naringa, nanyamaza. Bibi alikuwa na jina jema la miaka thelathini, naye alilivua mchana kweupe, mbele ya watu waliomheshimu, ili mtoto avae gauni. Na mimi siku ya Komunyo nilikula pilau, nikanywa soda mbili, nikamlalamikia kwamba viatu vinanibana. Asante sikumwambia. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya bibi.