Waridi Alilolikana Mama

Waridi la mama lilikuwa limelala juu ya paa la jiko letu, pale Madungu, tangu sijazaliwa. Halikuwa kama mawaridi ya kwenye makopo yanayosimama wima. Hili lilitambaa. Lilitoka kwenye kona ya ukuta wa uani, likashika makuti, likavuka mpaka juu ya choo, na masika yakimalizika lilifungua maua madogo madogo, vishada kwa vishada, meupe yenye wekundu kidogo katikati. Mtu akipita barabarani alijua limechanua kabla hajaliona.

Hakuna aliyejua lilikotoka. Mama alipewa mbegu yake, kijiti cha urefu wa shibiri, na shangazi yake wa Wambaa. Shangazi alipewa na mke wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa hapa Chake. Mama alipomuuliza yule mke wa Mhindi, alicheka akasema wao waliponunua nyumba walilikuta limeshatambaa. Mama hakuuliza tena. Aliyekuja kutaka mbegu alikatiwa, akafungiwa kwenye kitambaa kibichi, akaenda zake. Lilifika Mkoani, lilifika hata Kisiwa Panza.

Mmoja wa waliopewa ni shoga yake mama, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Nilikuwa na miaka tisa, na kijiti nilimpelekea mie kwa mkono wangu. Alikuwa hodari wa miti yule mama, na waridi lake likastawi kuliko letu. Akaanza kuitwa kupamba vyumba vya mabibi harusi, na watu walipomsifu aliwaambia: "Hili la bibi yangu. Alikuja nalo kutoka Arabuni."

Siku moja, harusini, akayasema hayo mama akiwepo. Mama akacheka. "Shoga, Arabuni gani tena? Si nilikukatia mie, kwa kisu changu cha jikoni?"

Wanawake ukumbi mzima waliangua kicheko. Shoga yake hakucheka. Toka siku hiyo walisalimiana njiani tu, hawakuketi tena baraza moja.

Miaka mingi baadaye mama alipelekwa Unguja kutolewa mtoto wa jicho, akakaa kwa kaka yangu mwezi mzima. Mie nilikuwa nimeshachoka kuchota maji kabla ya kwenda kusomesha. Nikanunua tangi, na fundi akaniambia pahala pa kulijengea ni pale kwenye kona ya uani, hakuna pengine.

"Na waridi la Bi mkubwa?" akauliza.

"Kata," nikamwambia. "Mbegu zake zimejaa kisiwa kizima."

Alikata, akang'oa mpaka mizizi. Tulichoma matawi siku mbili, maana yalikuwa mabichi, yakitoa moshi tu.

Mama aliporudi alisimama uani, jicho moja bado lina bandeji. "Mbona peupe hivi?"

Nikamwambia fundi alikosea, nilikuwa skuli. Aliugusa ule ukuta mpya wa saruji uliobeba tangi, kisha akaingia ndani.

Nikaanza kutafuta mbegu. La Wambaa lilikuwa limekufa kwa jua. La Mkoani liling'olewa warithi walipogawana kiwanja. Kisiwa Panza nilivuka kwa mashua, nikaonyeshwa chumba kipya kilichojengwa juu yake. Lilibaki moja tu duniani, kwa nilivyojua mie, nalo lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Nilikwenda. Yule shoga akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mamako aje mwenyewe," akasema.

Mama akaenda, nimemshika mkono. Tulikaribishwa vizuri mno, kwa kahawa na halua. "Mti umechoka, shoga," tukaambiwa. "Njoo baada ya mvua." Tukarudi baada ya mvua. "Sasa una maua, nikiukata nitauumiza." Mara ya tatu hatukupewa kahawa.

"Ijumaa nina maulidi hapa," akasema. "Waliokuwa harusini siku ile nimewaalika wote. Waambie ukweli, nami nitakukatia."

"Ukweli upi?" mama akauliza.

"Kuwa waridi ni la bibi yangu, na wewe ulilichukua kwangu."

Nikamvuta mama. "Twende zetu. Tutatafuta waridi jengine."

Mama alijitoa mkononi mwangu. Wakaingia ndani wawili, wakakaa kitambo, na alipotoka aliniambia tu, "Nitasema."

Akasema. Maulidi yalipomalizika, marashi yameshapitishwa, aliinuka akiegemea ukuta. "Jamani, siku ile nilikosea. Waridi ni la shoga yangu, la bibi yake. Mie ndiye niliyechukua kwake." Wanawake waliinamisha macho, kila mmoja akichezea ukingo wa buibui lake. Hakuna aliyekuwa hajui. Mwenye nyumba akachukua mkasi, akakata vijiti vitatu.

Viwili vilikauka. Cha tatu kilishika, kikapanda mlango wa mbele, na wapita njia wakawa wanauliza. Mama aliwajibu wote sawasawa: la shoga yangu, la bibi yake.

"Hapa tuko peke yetu," nilimwambia siku moja kwa hasira. "Sema kweli japo kwangu."

"Nimesema mbele ya watu waliotoka kumsalia Mtume," akanijibu. "Nigeuze tena?"

Mama alifariki mwaka uliofuata. Siku ya hitma yule shoga alikuja wa mwanzo, akalia kilio cha kweli, kisha akanifuata jikoni nikimimina kahawa.

"Nataka unisamehe," akasema. "Mamako alikuwa hataki kusema. Siku ile nilipomwingiza ndani nilimwambia fundi kanieleza nani aliyetoa amri ya kukata. Nikamwambia, kama husemi langu, mie nitasema la mwanao, mji mzima ujue alichokufanyia ukiwa hospitali."

"Akasemaje?"

"Akasema alijua tangu siku aliyorudi. Akaniomba nikunyamazie."

Kahawa ilimwagika sinia nzima. Nilikuwa natazama vikombe, sikuweza kumtazama yeye. Chumbani walikuwa bado wanasoma juzuu, nyumba imejaa watu, basi nikasema nimekusamehe. Nilisema kwa mdomo tu.

Yupo hai mpaka leo, nyumba ile ile. Kila asubuhi nikienda skuli humkuta anafagia mlangoni pake. Namwamkia, ananiuliza hali, namjibu nzuri.