Soko Lote Linaniita Mama Mbio

Admin, ficha jina langu, huku Nchelenge, Zambia, tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongomani, mkimbizi. Nauza samaki wakavu sokoni Kashikishi. Watoto sina. Mume nitawaeleza.

Hapa injini za mitumbwi zikisikika tu, wanawake wanaacha meza na kukimbilia ufukweni, maana anayewahi ndiye anayepata chisense wazuri, wale dagaa wetu. Mimi nikiona watu wanakimbia, nakimbia upande wa barabara. Akili inajua ni samaki, miguu haitaki kusikia. Kwetu watu walipoanza kukimbia, mume wangu alisimama kuuliza kuna nini. Mimi sikuuliza. Sijamwona tena.

Sokoni wanacheka sana. Vijana wa mizigo wananipigia kelele, "Mama Mbio, banakuya!" yaani wanakuja, nami naruka kweli, halafu nacheka nao ili yaishe. Kanisani wanaimba Kibemba, mimi nachezesha midomo tu. Naweza kumaliza juma zima sijaongea na mtu isipokuwa bei. Jamani, upweke unauma.

Mtu wangu ni mmoja, Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa Kibemba, Mzambia, jirani yangu wa meza. Hajawahi kuniita jina lile. Juzi akaniambia, "Mama, magoti yangu iko nauma. Tuchanganye meza, wewe utakimbilia mitumbwi, mimi nitabakia nauzisha. Mbio uko nazo, geuza tu upande!" Tukacheka, nikakubali, mjinga mimi.

Siku ya kwanza tu injini zikalia, nikajikuta nyuma ya kanisa nimekumbatia beseni tupu. Nikasikia mtu anahema. Ni yeye, na magoti yake yale, ameacha meza na samaki wote.

"Mama, unakimbia nini?"

"Haina kitu, Bana Mutale. Nilikuwa natafuta choo."

Aliniangalia, akanipokea beseni. "Basi, tutajaribu kesho."

Muuguzi wa kambini aliwahi kunishauri niongee na mtu ninayemwamini. Ninayemwamini ni huyo mmoja, na akiniona nimeharibika akili, sitabaki na mtu. Lakini tangu nitoke kwetu, ni yeye peke yake aliyekimbia kunifuata.

Kesho mitumbwi inakuja. Nishaurini jamani, nimwambie ukweli, au nihamishe meza yangu kabla hajafika?