Mashine Ilimuona Wapi?

Juzi, katika studio moja ya picha pale Kasenga, mjane kutoka Mutarule alikuja kuchukua picha ya marehemu mumewe, ya kuweka mezani siku ya kuondoa matanga. Alikuwa ameacha kadi ya uchaguzi ya mumewe, yenye picha yake, maana hakukuwa na picha nyingine, nayo ilikuwa imefifia kwa jasho la mfukoni. Mpiga picha akamtolea picha kubwa inayong'aa: suti, kravati, meno yote.

"Akili bandia ndiyo imemutengeneza, mama. Si iko muzuri?"

Mama akaitazama, kisha akailaza kifudifudi juu ya meza.

"Huyu simujui. Bwana yangu hakuvalaka kravati, na hakukuwa na jino la mbele."

"Lakini mashine..."

"Mashine ilimuona wapi? Siku ya kupigwa picha ya hii kadi, minye nilikuwa nyuma yake ku mustari. Alisimama pale mwenyewe, jua likimuchoma."

Akaamuru ikuzwe ile ile iliyofifia.

Mimi nilikuwa nimekwenda mashine hiyo hiyo initengenezee nywele kwenye picha yangu ya kupamba safu hii ya gazeti. Nikaghairi. Kipara mnachokiona hapo juu ni changu, na siku kilipopigwa picha nilikuwepo.