Manyoya ya Ghazala

Watu wakisikia Dubai hufikiri jua tu. Waje basi mwezi wa Januari, asubuhi na mapema, kwenye mabanda ya farasi ninakofanyia kazi, huko nje ya mji kwenye mchanga mtupu, wanione nilivyojifunga mitandio miwili. Adhuhuri ya siku hiyohiyo utatoa jasho ukikaa nje. Baridi ya hapa haina msimamo, na mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu ya Matia.

Matia alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Mtu wa Masaka, Uganda, wa miaka arubaini na kitu, mkimya, mwenye viganja vipana. Madam Ibtihal, bosi wetu, alikuwa na farasi tisa. Wanane ni vijana wa mashindano, kazi ya Onesmus wa Kitale. Wa tisa alikuwa Ghazala, jike mzee wa miaka ishirini na saba, ambaye zamani alikuwa kipando cha mume wa madam, marehemu Bwana Humoud. Ghazala hakuwa na kazi tena ila kula na kumfuata Matia kila alikokwenda kando ya ua. Miaka kumi na mmoja Matia alimtunza yeye tu. Nilikuwa nikimtania kwamba mkewe kule Masaka ana mke mwenza na hajui.

Mimi ni Masuda, karani wa ofisi. Kwetu ni Rashidiya, hapahapa Dubai, ila wazee wangu walitoka Unguja na nyumbani bado tunasema Kiunguja. Madam hasemi lugha yoyote ila Kiarabu, na Kiarabu cha Matia kilikuwa cha bandani: yalla yaani haya, khalas yaani basi, lete maji, toa nyasi. Kwa hiyo kila neno zito baina yao lilipita kinywani mwangu. Nami nimelelewa kwamba neno halipelekwi kwa mkubwa likiwa bichi. Madam akisema "huyu mvivu," mimi humwambia mtu, "madam anaomba uongeze bidii." Mtu akisema "siwezi," mimi humwambia madam, "atajaribu, inshallah." Miaka kumi na sita nimefanya hivyo na nilijiona mwerevu kweli.

Mwishoni mwa Novemba madam alikuja kuwatazama farasi kabla ya baridi. Vijana walikuwa wameshanyolewa kwa mashine, wanang'aa, kila mmoja na blanketi lake limetundikwa mlangoni. Ghazala alikuwa na manyoya marefu mwili mzima, mpaka chini ya taya. Ni maradhi ya uzee, alisema daktari. Manyoya huota na hayapukutiki.

"Tazama alivyo, kama mbuzi!" alisema madam. "Ndugu zake Humoud wanakuja kutoka Maskati mwisho wa Desemba. Wakimwona watasema nimemtupa farasi wa ndugu yao." Sauti ilimtetemeka. Nawaambia haya ili msimwone mbaya. "Mwambie amnyoe mwili wote."

Nikamwambia Matia. Akaupitisha mkono wake mgongoni mwa Ghazala, akafikiri.

"Dada Masuda, mwambie madam hii manyoya si uchafu. Ni nguo yake. Wale vijana wanakimbia, wanatoka jasho, wanyolewe, sawa. Huyu mzee tunyoe shingo na tumbo tu, apate hewa mchana. Mgongo tuache."

"Anasema labda apunguzwe kidogo," nilimwambia madam.

"Kidogo ni nini? Wote. Usiku afunikwe blanketi, khalas."

Nilipomfikishia hilo, Matia alinigeukia mzima. Hakuwa amewahi kunitazama vile.

"Blanketi linataka mtu, dada. Asubuhi saa tatu litoke, jua halijawa kali. Magharibi lirudi. Kila mara unaingiza mkono hapa begani, unasikia kama ni baridi ama ni jasho. Akilowa jasho halafu baridi imkute, huyu amekwisha. Na mimi nasafiri tarehe kumi, narudi mwisho wa Januari. Onesmus ako na farasi wanane. Sasa mwambie hivi, na tafadhali usipunguze: kama ni kunyoa wote, mimi siendi likizo. Nitaenda mwezi wa tatu, baridi ikiisha."

Usipunguze. Kumbe siku zote alijua tabia yangu.

Lazima niseme likizo ile ilikuwa ya nini. Matia hakuwa ameona kwao kwa miaka mitatu. Binti yake, Fortunate, alikuwa anaposwa, na tarehe ishirini Desemba ndiyo siku ya kwanjula, watu wa mume wanapofika nyumbani kumwomba msichana mbele ya baba yake. Alikuwa ameshanunua kanzu na koti la kuvaa siku ile, akanionyesha koti mara tatu. Nikamtazama nikaona mwanamume mjinga anayetaka kumwacha mwanawe asimame bila baba kwa ajili ya mnyama mwenye mguu mmoja kaburini. Nikajua pia kwamba nikifikisha neno lile, madam atasema basi abaki, na safari itakufa papo hapo. Kwa hiyo niliamua mimi, kwa niaba yao wote wawili.

"Anasema sawa, madam," nilisema kwa Kiarabu. "Inshallah."

Madam akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha nikamgeukia Matia. "Nimemwambia. Anasema nenda kwa mwanao, Onesmus atasimamia blanketi." Madam hakuwa amesema chochote cha namna hiyo.

Matia alimnyoa Ghazala mwenyewe, kutwa nzima, akipumzika ili mashine isimchome. Yale manyoya yalipoanguka tuliona jinsi alivyokuwa amekonda, mbavu zilihesabika. Wiki nzima alimfundisha Onesmus pale begani pa kuingiza mkono. Tarehe kumi akaondoka na koti lake begani.

Wageni wa Maskati walikuja, wakamsifu Ghazala, wakapiga naye picha. Onesmus alijitahidi, simlaumu. Lakini katikati ya Januari alitumwa alfajiri kupeleka farasi watatu kwenye mashindano, akaenda akiamini atarudi mapema. Saa nne nilipita pale nikamwona Ghazala na blanketi lake, jua limeshapanda. Nikampigia Onesmus, akasema yuko njiani. Nami, miaka yote hiyo kazini, sijawahi kumgusa farasi, nawaogopa. Nikarudi ofisini. Alifika magharibi akamkuta ameloa chapachapa, akalitoa blanketi akatafuta jingine, na wakati huo baridi ilikuwa imeshaingia na upepo wake. Siku ya tatu Ghazala alilala chini, akipumua kwa kukoroma, na daktari akasema ni mapafu. Siku ya tano akafa. Nililia chooni, bomba la maji nimelifungulia.

Matia alirudi wiki iliyofuata. Onesmus alikuwa ameshampa habari kwenye simu. Madam alikuwa ofisini akimngoja, macho mekundu, na mimi katikati kama kawaida.

"Mwambie," alisema madam, "kwamba nilingoja jibu lake. Yeye ndiye anayejua farasi, si mimi. Akasema sawa. Angesema hapana mara moja tu ningemsikiliza, na angesema abaki ningembakisha. Mwambie simtaki tena hapa."

Safari ile nilifikisha kila neno, bila kupunguza hata moja. Sikujua tena namna nyingine. Matia alisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye lile "ukasema sawa" akaacha kumtazama madam, akanitazama mimi. Nilingoja aniumbue. Ningetafsiri, naapa, hata hilo ningelitafsiri.

"Mwambie madam," alisema polepole, "pole kwa farasi ya mzee Humoud."

Nikamwambia. Madam akaanza kulia, akamwashiria atoke.

Nilimfuata nje. Alikuwa kwenye chumba cha Ghazala, kitupu, ameshika blanketi lililokuwa bado na manyoya mafupi kwa ndani. Nikamwambia yote, nilivyosema huku na nilivyosema kule, na kwa nini. Akalikunja blanketi, akaliweka juu ya hori.

"Mtoto alifurahi kuniona," alisema. "Alilia mbele ya watu."

Sikujua kama ananisamehe au ananihukumu, na sikuthubutu kumuuliza. Viza yake ilifutwa, akapanda ndege siku ya tisa. Mimi bado niko ofisini, nafikisha maneno ya watu. Madam Ibtihal hajui mpaka leo.