Visahani Arobaini na Kimoja

Katika jiko la hospitali ile kuna mlio mmoja ambao haupo tena. Ulikuwa mlio wa ulimi ukigonga kaakaa, mkavu na mfupi, kama mlango mdogo unaofungwa kwa adabu. Ulisikika juu ya ngurumo za majiko na kelele za visu kwenye mbao, na kila aliyeusikia alijua maana yake: chakula kimeiva, chumvi imekaa, vigari vipangwe. Kwa miaka ishirini na miwili wasukuma vigari hawakuwahi kuuliza. Siku hizi huuliza. Husimama mlangoni, mikono kwenye vyuma, wakasema, "Mama Upawa, twende?" Naye huitikia kwa kichwa tu, bila kugeuka.

Aliyeupoteza mlio huo ni Mama Upawa mwenyewe. Haukumponyoka kwa uzee wala kwa ugonjwa. Aliuacha kwa kusudi.

Aliingia jikoni mle akiwa mmenya viazi, akapanda ngazi moja moja hadi akawa mpishi mkuu, mwenye sufuria kumi na mbili na vinywa mia sita vya kulisha kila siku. Mwili wake ulipanda pamoja na cheo. Hakuna aliyeshangaa. Nani amwamini mpishi mkondefu? Alipopita kwenye ujia wa wodi, wagonjwa walimtazama wakapata matumaini, kwa sababu alionekana kama mtu ambaye chakula kimemtendea haki.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja, na mtaa wa pili kutoka hospitali alikuwa na mdogo wake, fundi saa. Wazazi wao waliondoka duniani mapema, dada akiwa na miaka kumi na mitano na mdogo ana sita, kwa hiyo aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni huyohuyo aliyempikia. Sasa fundi saa alikuwa na miaka arobaini na figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki alifunga duka, akalala kando ya mashine ya kusafisha damu, akarudi rangi ya majivu. Kwa miaka miwili maisha yake yalikuwa hayo: siku ya mashine, siku ya kupumzika kutokana na mashine.

Vipimo vilisema figo ya dada itamfaa. Daktari, mtu mwembamba mwenye sauti ya msoma mita, alifungua faili akasema:

"Mama, damu zenu zinaelewana. Figo zako ni nzima. Kilichobaki ni uzito. Una kilo tisini na moja. Niletee themanini na mbili ndani ya miezi minne. Juu ya hapo sikupasui, maana nikikupasua ukaharibika, nitakuwa nimejiongezea mgonjwa badala ya kumpunguza."

"Na nikishindwa?"

"Tutaendelea na mashine," alisema daktari, na hakusema itaendelea mpaka lini.

Binti yake ndiye aliyemwekea kwenye simu programu ya kuhesabu kalori. Ilikuwa ya bure, yenye picha ya jani, na nafasi nne za kujaza: asubuhi, mchana, jioni, vitafunio. Mama Upawa aliijaza kama karani wa mahakama. Asubuhi, chai isiyo na sukari na kipande cha mkate. Mchana, mboga na kiganja cha wali. Jioni, supu ya mboga, na ndani ya supu hiyo machozi kidogo, ambayo programu haikuyadai. Alilala na njaa. Aliamka na njaa. Akapanda mizani: tisini na moja. Wiki ya pili, tisini na moja. Wiki ya nne, tisini na nukta nane, akapiga vigelegele peke yake bafuni. Wiki ya tano, tisini na moja na nukta moja.

Wiki ya sita simu ikamletea kufuli la dhahabu. Chini yake paliandikwa: *Kwa nini uzito wako haupungui? Jibu lako liko tayari. Lipia ufungue.* Malipo yalikuwa ya mwaka mzima, mara moja, theluthi ya mshahara wake, na hiyo ni baada ya kupunguzwa nusu hadi Jumamosi saa kumi na mbili jioni.

"Lipa, Mama," binti alisema. "Jibu si hilo hapo? Linasubiri tu."

"Theluthi ya mshahara, mwanangu."

"Na mjomba ana bei gani?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Siku ya pili yake akaenda dukani kwa mdogo wake. Fundi saa alikuwa amekunja mgongo, kioo kimebana kwenye jicho, saa imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Dada, usilipe," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nimeishi na saa. Saa hukwambia umechelewa. Haikwambii kwa nini. Ukitaka kujua kwa nini, rudi nyuma utazame ulipopita."

"Nimetazama. Sili kitu."

"Basi labda mwili umekataa." Aliweka chini kibano. Mikono yake ilikuwa imevimba, na alijitahidi kuificha nyuma ya meza. "Na ukikataa, yaishe, Dada. Mimi na mashine tumeshazoeana. Tumekuwa kama wanandoa wa zamani, hatuongei lakini tunaonana."

"Funga mdomo!" alifoka Mama Upawa, mpaka mteja mlangoni akarudi nyuma. "Sikukulea nikakufikisha hapa ukae unaaga aga watu!"

Njiani kurudi alikuwa ameshaamua. Atalipa. Mtu akisimama gizani na mwenzake akiwa na taa ya kuuza, hashindanii bei.

Jumamosi, baada ya vigari vya uji kutoka, alivua aproni na kumwita mwosha vyombo, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye mikono yake haikukauka tangu ujana wake na ambaye jiko zima lilimwita Bi Povu.

"Niangalizie mchuzi dakika kumi, shoga. Naenda kulipa kitu."

"Kitu gani hicho cha kulipiwa mchuzi ukiwa motoni?"

Mama Upawa alimwonyesha. Bi Povu aliishika simu kwa ncha za vidole, mbali na povu, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Hii simu imewahi kuingia humu ikakuona unafanya kazi?"

"Inajua ninachoiandikia."

"Na unaiandikia nini?"

"Kila ninachokula."

Bi Povu alicheka hadi akashika ukingo wa sinki. "Kila unachokula! Njoo hapa, bibiye." Alimvuta mkono. Kando ya sinki palikuwa na mnara wa visahani vyeupe, vidogo, kila kimoja na kijiko chake. "Hivi ni nini?"

"Visahani vya kuonjea."

"Vya nani?"

"Vyangu. Si ndiyo sheria ya jiko? Kijiko kikigusa mdomo hakirudi sufuriani. Kila kuonja na kisahani chake."

"Jana nimeosha arobaini na kimoja."

Mama Upawa alimtazama kama mtu aliyeitwa mwizi sokoni.

"Kuonja si kula," alisema.

Hilo halikuwa neno lake. Alipewa siku yake ya kwanza na mpishi aliyemtangulia, pamoja na aproni na funguo za stoo. *Kuonja si kula, kuonja ni kazi.* Yeye naye aliwapa waliomfuata. Kila mpishi mle aliliamini, kama msusi asivyohesabu nywele zinazomwingia puani. Programu iliuliza asubuhi, mchana, jioni, vitafunio. Haikuuliza kazi, naye hakuiambia.

"Tumbo si ofisi, mwenzangu," alisema Bi Povu. "Halina kaunta ya kazi na kaunta ya chakula."

"Ni kijiko kimoja kimoja tu!"

"Vizuri. Nipe na mimi kijiko kimoja kimoja." Akachukua jagi la plastiki la lita moja, akaligonga mezani. "Kila ukionja leo, kiasi kilekile mimina humu. Na usinionee huruma ukapunguza. Simu itangoja mpaka jioni, au siyo?"

Alimimina kwa hasira. Mchuzi wa sufuria ya kwanza, kabla ya chumvi na baada ya chumvi. Maharage, mara tatu, kwa sababu maharage ni waongo. Supu ya wodi ya watoto, supu ya wasiokula chumvi, viazi vya kuponda vyenye maziwa, viazi visivyo na maziwa. Kila mara kisahani kilikwenda kwa Bi Povu na kila mara ulimi uligonga kaakaa, tk, na wasukuma vigari wakasogea. Saa nane mchana jagi lilikuwa nusu. Alianza kuliepuka kwa macho. Saa kumi na moja, sufuria ya mwisho ya jioni ilipoteremshwa, kijiko cha mwisho kilifika ukingoni, kikafurika, kikateremka ubavuni taratibu.

Wanawake wawili walisimama wakilitazama. Lilikuwa la rangi ya tope, na mafuta yakielea juu yake unene wa kidole. Na uji wa asubuhi haukuwamo.

"Haba na haba…" alianza Bi Povu.

"Usiimalizie."

Kisha Mama Upawa akaketi kwenye gunia la viazi na kitu kikampanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Wiki sita za njaa! Wiki sita za kumlaumu Mungu, mizani na mifupa ya ukoo wa babu yake, na mwizi alikuwa akitembea naye mchana kweupe, kavaa aproni. Mwili haukukataa. Mdogo wake hakuhukumiwa. Palikuwa na mlango, na funguo zilikuwa mkononi mwake.

Simu ikatetemeka: *Saa yako ya mwisho.* Aliifungua, akapita pembeni ya kufuli la dhahabu kama anayepita duka la mtu asiyemdai, akaenda upande wa bure, kwenye nafasi ya vitafunio, akaandika kiungo kwa kiungo kilichokuwa ndani ya jagi. Programu ikageuka nyekundu yote.

"Imeona haya," alisema Bi Povu.

Saa kumi na mbili ilipita akiwa anafunga kamba za viatu vyake.

Kulijua kosa kulikuwa rahisi kuliko kuliacha. Ilimbidi ajifunze upya kazi aliyoijua akiwa amefumba macho. Ncha ya kijiko cha chai, basi. Kuonja mbele ya ulimi, kutema sinkini, kusukutua maji. Wiki ya kwanza alijihisi kama mwimbaji aliyezibwa masikio. Supu ikapanda wodini bila ladha, na muuguzi akaishusha mwenyewe, bakuli mkononi.

"Mama Upawa, leo umetupikia au umetunawisha?"

Jiko zima liliangalia chini. Alilipokea bakuli, akaongeza chumvi, na hakulala vizuri siku hiyo, maana jina la mpishi hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa bakuli moja. Lakini hakurudi kwenye vijiko. Alianza kuinama juu ya sufuria na kunusa. Aligundua kuwa chumvi ikikaa, mvuke wa mchuzi hupoteza ukali. Kuwa maharage yaliyoiva huchemka kwa sauti nzito zaidi. Vitu hivyo alikuwa akivijua miaka yote bila kuviuliza. Wiki ya tatu mabakuli yalirudi matupu kutoka wodini, na muuguzi yuleyule akatuma salamu.

Ule mlio wa ulimi, hata hivyo, haukurudi. Ulihitaji mdomo uliojaa.

Themanini na tisa. Themanini na saba na nusu. Aproni ilianza kuzunguka mara mbili. Siku ya mwisho ya miezi minne walikwenda kliniki wote: yeye, binti, fundi saa na kofia yake, na Bi Povu, ambaye hakualikwa na hakuulizwa. Daktari alitazama mizani, akamwambia ashuke, akairekebisha, akamwambia apande tena.

"Themanini na moja na nukta saba," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya msoma mita ikapasuka katikati.

"Dada," alisema fundi saa, "mbona umebaki nusu?"

"Subiri. Na hiyo nusu wanakuja kukukatia wewe."

Bi Povu alipiga kigelegele kimoja kilichotoa vichwa milangoni mpaka mwisho wa ujia.

Walipasuliwa Jumanne, vyumba viwili vinavyotazamana. Alasiri, Mama Upawa alipofumbua macho, muuguzi wa supu alikuwa ameinama juu yake, uso umejaa habari.

"Anakojoa, Mama! Mdogo wako anakojoa! Mfuko umejaa, tumebadilisha wa pili!"

Na wodini, watu wazima wenye sare nyeupe walipiga makofi kwa ajili ya mkojo wa fundi saa, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye fundi alituma ujumbe kupitia kwa mfagiaji: "Mwambieni Dada figo yake imeanza kazi bila kuomba mapumziko. Imerithi tabia."

Hayo yalikuwa mwaka jana. Leo ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Mama Upawa yuko mbele ya sufuria ya tatu, kijiko cha chai mkononi, na mtaa wa pili kutoka hapo duka la saa liko wazi.